Kanisa Kuu la Anglikana Mkunazini, Zanzibar: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanaulizwa na wanafunzi, na wageni wa bara wanaokuja kutembea Unguja, hata na Wazanzibari wenyewe ambao wamepita pale nje miaka na miaka bila kuingia ndani. Nimeyaweka pamoja. Palipo na ushahidi nasema, palipo na masimulizi tu pia nasema, manake historia ya mahali hapa ni nzito vya kutosha na haihitaji kuongezwa chumvi.

Hili ndo lile kanisa la Minara Miwili?

Hapana, na watu wanachanganya sana. Minara Miwili ni la Wakatoliki, Mtakatifu Yosefu, liko upande wa Shangani, lilijengwa na mapadri wa Kifaransa miaka ya 1890. La Anglikana ni Kanisa la Kristo, liko Mkunazini, lina mnara mmoja wenye saa, ukitokea Darajani sokoni unatembea dakika chache tu umefika.

Nani walilijenga?

Misheni iliyoitwa UMCA, yani misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa ajili ya Afrika ya Kati. Ilianza baada ya David Livingstone kwenda Cambridge Desemba 1857 akahutubia wanachuo na kuwaambia habari za Afrika na biashara ya watumwa. Oxford na Cambridge walianza, Durham na Dublin wakajiunga.

Lakini hawakuja Zanzibar moja kwa moja. Walianzia Magomero, kwenye nyanda za juu za Mto Shire, leo ni Malawi, wakiongozwa na Askofu Charles Mackenzie, mwaka 1861. Walijikuta katikati ya vita na njaa, wakaugua malaria, mtumbwi ukapinduka dawa zikazama, na Januari 1862 askofu mwenyewe akafariki. Askofu aliyefuata, William Tozer, aliona hawawezi kuendelea kule, akahamisha misheni nzima kuja Unguja, wakafika mwisho wa Agosti 1864, na pamoja naye alikuwa padri mmoja anaitwa Edward Steere, ambaye baadaye akawa askofu. Jina hilo la Steere lishike, utalikuta kila kona ya kanisa hili.

Kwa nini Zanzibar na siyo kwingine?

Kwa sababu njia zote zilipitia hapa. Misafara ya kwenda Nyasa, Tanganyika na Manyema ilipangwa Unguja, wapagazi walipatikana Unguja, na watumwa waliotolewa bara waliletwa kuuzwa Unguja. Ukitaka kujifunza lugha itakayokufikisha bara, hapa ndo mahali.

Walipofika Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliokuwa wamekamatwa kwenye jahazi la watumwa. Misheni ikaanza na hao watano. Makao yao yalikuwa Shangani kwenye nyumba inayojulikana kama Mambo Msiige, ambayo siku hizi ni sehemu ya hoteli kubwa pale ufukweni. Baadaye wakanunua shamba Kiungani wakafungua shule ya wavulana, na Mbweni wakaweka watu waliokombolewa na shule ya wasichana.

Ni kweli kanisa limejengwa juu ya soko la watumwa?

Kweli kabisa, na hili lina ushahidi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akiwa amebanwa na Waingereza kupitia balozi wao John Kirk na manowari zao, alisaini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko ya watumwa. Soko la Mkunazini likafungwa. Padri mmoja wa misheni, Arthur West, akanunua kiwanja, na sehemu nyingine ya ardhi ya jirani ikatolewa na mfanyabiashara Mhindu wa hapa mjini. Krismasi ya mwaka huo huo 1873 jiwe la msingi likawekwa. Hebu fikiria, Juni watu walikuwa wananunuliwa pale, Desemba ni uwanja wa kanisa!

Ibada ya kwanza ndani ya jengo ilikuwa Krismasi ya 1877, bado halijakwisha. Ujenzi ukaendelea mpaka 1880, mnara ukafuatia.

Kwa nini waliamua kujenga pale pale? Si wangepata kiwanja kingine kizuri tu?

Wangepata. Lakini walitaka mtu yeyote anayepita aone kwamba mahali alipouzwa binadamu sasa binadamu huyo huyo anakaribishwa kwa jina lake. Mimi naona ulikuwa uamuzi sahihi, manake masoko mengine ya aina hiyo pwani yamefunikwa na nyumba na maduka, hujui hata umesimama wapi. Hapa unajua.

Na lile duara la marumaru mbele ya altare?

Masimulizi ya kanisa yanasema altare imesimama pale ulipokuwa mti au nguzo ya kuchapia watumwa, walichapwa ili wanunuzi waone nani mwenye nguvu na nani anayelia, asiyelia bei yake inapanda. Duara jeupe la marumaru linaonyesha mahali hapo na wekundu unaolizunguka ni damu. Kwamba ni sehemu ile ile kwa hatua kamili hayo ni mapokeo, wala soko halikuachiwa ramani ya kila nguzo. Ila watu wa kwanza walioabudu mle baadhi yao walilijua soko likiwa linafanya kazi, kwa hiyo mapokeo hayo usiyadharau.

Nyuma ya altare amezikwa Askofu Steere mwenyewe, alifariki Agosti 1882, kanisa lake limesimama.

Jengo limejengwa kwa vifaa gani? Paa lake mbona halina mbao?

Hapa ndo napapenda mimi. Kuta ni za mawe ya matumbawe kama nyumba zote za Mji Mkongwe, lakini paa ni kitu kingine. Steere alitaka paa la kuba ndefu, kama pipa limepasuliwa katikati likalazwa, kutoka mlango mpaka altare, bila boriti. Nyumba za Unguja zina vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zina urefu wake, huwezi kuvuka upana mkubwa. Yeye akachanganya vipande vya matumbawe na saruji ya kutoka Ulaya akamwaga kuba nzima juu ya jukwaa la mbao. Watu wengi mjini walikuwa na uhakika kwamba siku mbao zitakapotolewa paa litashuka lote. Mbao zikatolewa, paa likabaki, na lipo mpaka leo zaidi ya miaka 140.

Steere hakuwa mhandisi. Alikuwa mwanasheria kwa elimu yake ya mwanzo kabla ya upadri, akawa anasimamia mafundi mwenyewe, akiwafundisha watu wa hapa hapa kazi ya uashi. Sura ya jengo nayo ni mchanganyiko, madirisha marefu ya Kiingereza ya mtindo wa Gothiki na matao na nakshi zinazofanana na za misikiti na majumba ya hapa.

Zile nguzo zimewekwa juu chini ni makosa au makusudi?

Makosa, na yameachwa. Ukiingia mlango wa magharibi angalia nguzo ndogo za pale, chini kumekuwa juu na juu kumekuwa chini. Inasimuliwa askofu alikuwa amesafiri, mafundi ambao hawajawahi kuona nguzo za namna ile wakazisimamisha walivyoona wao inafaa, aliporudi kazi imekwisha. Hakuzibomoa. Mimi nashukuru, kwa sababu majina ya mafundi wale hatuyaoni kwenye vibao ukutani, lakini mikono yao tunaiona hapo.

Ni kweli saa ya mnara ilitolewa na Sultani Muislamu?

Ndivyo inavyosimuliwa miaka yote. Sultani Barghash aliomba mnara usizidi urefu wa jumba lake la Beit al-Ajaib, askofu akakubali, Sultani akawapa saa. Jumba lenyewe lilimalizika 1883, Steere akiwa ameshakufa, kwa hiyo makubaliano kama yalikuwepo yalikuwa juu ya jengo ambalo bado linajengwa. Saa ipo. Na uhusiano wa Barghash na Steere ulikuwa wa heshima, walikuwa jirani wa muda mrefu na askofu alizungumza Kiswahili cha watu, hakuhitaji mkalimani.

Ule msalaba mdogo wa mbao una uhusiano gani na Livingstone?

Livingstone alifariki 1873 kijijini kwa Chitambo, leo ni Zambia. Wenzake wa safari waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu, wakaukausha mwili wakaubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, ukavushwa Unguja ukapelekwa London, akazikwa Aprili 1874. Mti ule baadaye ulikatwa, na msalaba uliopo kwenye nguzo kanisani unasemwa umechongwa kutokana na mbao zake.

Wageni wengi wanaishia kwa Livingstone. Mimi nataka umjue Chuma. Alikuwa mmoja wa waliobeba mwili ule, na utotoni alikuwa mtumwa, akafunguliwa 1861 kule kule Shire, Livingstone na Askofu Mackenzie walipousimamisha msafara wa watumwa, yani alikuwa mtoto wa misheni hii tangu siku zake za kwanza. Baada ya kumfikisha Livingstone pwani aliendelea kuongoza misafara, akamwongoza Steere mwaka 1875 kuelekea Ziwa Nyasa, akafariki hapa Zanzibar 1882, mwaka ule ule aliofariki Steere. Ukiniuliza historia ya kanisa hili ianzie kwa nani, naanzia kwa Chuma.

Vile vyumba vya chini walivyofungiwa watumwa ni vya kweli?

Swali gumu na naomba lisomwe lote. Chini ya jengo la Mtakatifu Monika, hapo hapo uwanjani, kuna vyumba viwili vya chini, dari fupi, hewa hakuna, na kila mgeni anaambiwa watumwa walijazwa humo wakisubiri mnada. Wapo wanahistoria wanaotilia shaka, hoja yao ni kwamba jengo hilo lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, lilikuwa la hospitali, kwa hiyo vyumba vya chini huenda vilikuwa stoo.

Kwa maoni yangu hoja hiyo ina nguvu, na waongozaji wa watalii waiseme. Hakuna kinachopungua. Watu walifungiwa kwenye vyumba vya aina hiyo mji mzima na kwenye mapango na mahandaki ya shamba, hilo halina ubishi, na soko lilikuwa hapo juu ya ardhi, hilo nalo halina ubishi. Mtoto wa shule akija kugundua baadaye kwamba kitu kimoja alichoambiwa kilikuwa na shaka, ataanza kushuku na yale yaliyo kweli kabisa.

Soko lilipofungwa utumwa ukaisha?

La. Watu wanadhani 1873 ndo mwisho, kumbe mkataba ulihusu biashara ya baharini na masoko ya wazi. Kumiliki mtumwa kuliendelea kuwa halali. Magendo yaliendelea usiku, misafara ya nchi kavu ilipigwa marufuku 1876, na hali ya utumwa kisheria Unguja na Pemba ilifutwa Aprili 1897, tena masuria waliachwa nje ya sheria hiyo mpaka 1909. Kwa hiyo kwa miaka karibu ishirini kengele ya kanisa ililia katika mji ambao bado ulikuwa na watumwa majumbani na kwenye mashamba ya karafuu.

Steere na Kiswahili, kwani alifanya nini hasa?

Alifanya mengi. Kabla kanisa halijaisha alikuwa akihubiri kwa Kiswahili kwenye banda la udongo pale pale uwanjani na watu wa mji walikuja kusikiliza, wengine kubishana naye. Alikusanya hadithi za Kiunguja kutoka kwa wasimulizi, akaandika sarufi, akatafsiri Agano Jipya, na misheni ilikuwa na mashine ya kuchapa ambayo wavulana wa shule waliifanyia kazi wenyewe. Kiswahili kilikuwa kinaandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, maandishi yake yalisaidia kueneza herufi za Kirumi. Kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilipoanza kazi 1930, lahaja iliyochukuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ni Kiunguja, na misheni ndo ilikuwa imeshakisambaza Kiunguja kwa maandishi mpaka Masasi na Nyasa.

Na Waafrika walikuwa viongozi au wasikilizaji tu?

Viongozi, mapema kuliko wengi wanavyodhani, ingawa siyo kwa usawa. Mmoja wa wale wavulana watano wa Sultani Majid, John Swedi, akawa shemasi 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyekuwa mtumwa utotoni, akapewa ukasisi 1890, wa kwanza Mwafrika katika misheni hii, akaenda kufanya kazi kwa watu wake kusini. Uaskofu ulichelewa mno, karibu miaka mia kanisa liliongozwa na maaskofu Waingereza, na hapo siwezi kuitetea misheni. Baadaye ndo tukapata watu kama John Ramadhani, mzaliwa wa Zanzibar, askofu wa Zanzibar na Tanga tangu 1980, kisha Askofu Mkuu wa Tanzania kuanzia 1984 mpaka 1998.

Kati ya Waingereza wenyewe walikuwepo waliogombana na serikali yao. Askofu Frank Weston, 1908 mpaka 1924, alipinga hadharani kazi ya kulazimishwa kwenye makoloni ya Waingereza baada ya vita vya kwanza.

Waanglikana ni Waprotestanti? Mbona hapa wanafukiza ubani na kuvaa kama Wakatoliki?

Kwa hesabu ya hapa kwetu ndiyo, Kanisa la Uingereza liliachana na Roma karne ya 16. Ila UMCA walikuwa upande wa Waanglikana wanaopenda ibada ya kale, ubani, mishumaa, kuungama kwa padri, na hayo wakayaacha Zanzibar, Tanga, Masasi. Ukienda kwa Waanglikana wa Dodoma au Morogoro utakuta ibada tofauti kabisa, hao chanzo chao ni misheni nyingine, CMS. Kanisa ni moja, Anglikana Tanzania, milango miwili ya kuingilia.

Ile sanamu ya watu waliofungwa shimoni ni ya zamani?

Ni ya 1998, kazi ya msanii kutoka Sweden, Clara Sörnäs. Watu watano wamesimama shimoni wamefungwa shingoni, na minyororo ni ya kweli, ya enzi zile. Tafadhali msishuke shimoni kupiga selfi, watu wanafanya hivyo na inauma.

Vitu gani vingine ndani visipitwe?

Mapambo ya vijiwe vya rangi kwenye altare yalitolewa na Caroline Thackeray, mwalimu aliyekuja 1877 na kuongoza shule ya wasichana Mbweni miaka mingi. Dirisha la nyuma ya altare lina watakatifu wa Afrika, wa Misri, Kartago na Ethiopia. Na vibao vya ukutani, visome taratibu, utaona umri wa wamisionari, wengi walikufa kwa homa wakiwa bado vijana. Kuna na vya mabaharia waliokufa.

Hali ya jengo ikoje saa hizi?

Afadhali kuliko zamani. Matumbawe yanakunywa maji, na chumvi ya bahari inakula kuta kutoka ndani, kwa hiyo jengo la namna hii likiachwa miaka kumi bila kukarabatiwa unaanza kuona nyufa. Ulifanyika ukarabati mkubwa kwa ushirikiano wa dayosisi, World Monuments Fund na fedha za Umoja wa Ulaya, na mwaka 2016 kikafunguliwa kituo cha urithi chenye maonyesho ya biashara ya watumwa kwenye jengo la Mtakatifu Monika. Anayedhani haya mambo ni ya kungoja aangalie Beit al-Ajaib, Krismasi ya 2020 sehemu yake ya mbele ilianguka na watu wakafa. Mji Mkongwe umeandikwa urithi wa dunia tangu 2000 lakini cheti hakizuii mvua.

Naweza kuingia? Bado kuna ibada?

Bado ni kanisa, hilo watu wanalisahau. Waumini wapo, wachache kwa sababu Unguja karibu wote ni Waislamu, lakini wapo na wanasali Kiswahili kila Jumapili. Siku za kazi unakata tiketi getini na kuna waongozaji, chukua mmoja. Vaa nguo za heshima. Jumapili njoo kusali, picha ziache mpaka siku nyingine.

Nikitaka kufuatilia misheni hii nje ya Mkunazini niende wapi?

Anza Mbweni, kusini ya mji upande wa uwanja wa ndege, kuna kanisa la Mtakatifu Yohana na magofu ya shule ya wasichana, na Bi Thackeray amezikwa huko, alifariki 1926. Bara kuna Magila karibu na Muheza, na hospitali ya Teule pale Muheza mjini nayo chimbuko lake ni misheni hii. Kusini kuna Masasi, ambapo Steere aliwaongoza watu waliokombolewa mwaka 1876 kwenda kuanza maisha upya. Na ile shule ya Kiungani haikufa, ilihamishiwa bara miaka ya 1920, ndo Minaki ya Kisarawe, waliosoma pale wengi hawajui kwamba shule yao ilianzia Unguja na watoto waliotolewa kwenye majahazi.